Buli la Satsuma limepambwa na nani?

Msomaji anayeandika maelezo ya vyombo vya kale vya mnada, kikiwamo chombo cha udongo cha Kijapani aina ya Satsuma, anauliza: "Birika la Satsuma lililopambwa na maua na dhahabu" ni sahihi, au aseme "buli"?

Aseme buli. Birika, lililotoka Kiarabu, hutelekwa motoni. Buli, la asili ya Kireno, hukaa mezani na majani ya chai ndani. Chombo cha udongo kilichotiwa dhahabu hakitelekwi.

Lakini kosa kubwa hakuliuliza. "Lililopambwa na maua." Maua yalishika brashi lini? Katika kauli ya kutendwa, "na" humtaja mtenda, "kwa" hutaja kitumizi: mkate umekatwa na mama kwa kisu. Somo hili ni la shule ya msingi, na bado kila wiki nasikia ukumbi "umepambwa na maputo", keki "imepambwa na krimu", tena kwa watu wanaolipwa kusema Kiswahili. Wanamfuta mtu aliyefanya kazi, kisha wanampa puto nafasi yake.

Kwa buli hili, nafasi hiyo ina thamani ya pesa. Satsuma, leo Kagoshima, kusini mwa Japani, ilipata ufinyanzi wake kwa Wakorea waliochukuliwa katika vita vya 1592 hadi 1598. Baada ya Maonyesho ya Paris ya 1867, Wazungu walivitamani vyombo vyake: udongo wa rangi ya malai, na juu yake utando wa kioo wenye nyufa nyembamba kama nywele. Soko likapanuka hadi Kyoto, Osaka na Yokohama, ambako karakana zilinunua vyombo vitupu vilivyokwisha kuchomwa, zikavitia rangi na dhahabu, zikavichoma tena kwa moto mdogo kuliko wa kwanza. Yabu Meizan wa Osaka alipata sifa hivyo, kwa kupamba vyombo vilivyofinyangwa na wengine. Mnunuzi hudai kujua nani alifinyanga na nani alipamba, na Kiswahili kinamjibu kwa silabi moja. Ukiandika "lililopambwa na maua na Meizan", umemweka fundi foleni moja na petali zake.

Siukatai ule mti "ulioangushwa na upepo" wala mlima "uliofunikwa na theluji". Upepo huvuma wenyewe, theluji huanguka bila kutumwa. Hata nyumba "iliyozungukwa na miti" naiachia ipite, nimechoka kuipinga. Ila dhahabu haijipaki.

Basi aandike: "Buli la Satsuma lililopambwa kwa maua na dhahabu." Na kitako cha buli kikiwa na saini ya mpambaji, jina hilo ndilo litangulie: "lililopambwa na Yabu Meizan kwa maua na dhahabu."