Kadi ya maradhi: mwandikie muuza njugu, si daktari

Ni miaka kumi na miwili sasa najidunga insulini kwa sababu ya kisukari, na kwa miaka tisa ya mwanzo niliamini kwamba barua ya daktari iliyokunjwa ndani ya mkoba ingetosha kunisemea siku nitakaposhindwa kujisemea. Siku hiyo iliponifika nilikuwa ndani ya feri ya Likoni, Mombasa, alasiri, nikitoka mjini kurudi Mtongwe, dawa ya mchana nimeshaidunga lakini chakula chenyewe nimekiahirisha kwa kuchelea msongamano. Sukari ilishuka. Jasho lilinitoka, ulimi ukawa mzito, na nilipojaribu kumwambia mama aliyesimama karibu nami kwamba nahitaji kitu kitamu, maneno yalitoka yamevurugika. Baadhi ya abiria walisema nimelewa, na mzee mmoja akashauri nisomewe. Muuza njugu ndiye aliyefungua mkoba wangu kutafuta simu, akaikuta ile barua, akaitazama, akairudisha. Ilikuwa ya Kiingereza, kwa mwandiko wa haraka, na nusu yake ni vifupisho. Nilisalimika kwa sababu msichana mmoja wa shule, ambaye mamake ana kisukari, aliitambua hali ile akaninywesha soda yake.

Tangu hapo natembea na kadi. Hakuna sheria inayonilazimisha kuwa nayo. Niliiandika mwenyewe, nikaipeleka kwenye zahanati ya kaunti ninakochukua dawa, na afisa wa kliniki akaisoma, akarekebisha kipimo kimoja, akaipiga muhuri. Msiudharau muhuri huo. Chini ya Katiba ya Kenya ya 2010 zahanati na magari ya kubebea wagonjwa ni kazi ya serikali za kaunti, na nimeona kwamba muuguzi wa zamu ya usiku huliamini haraka zaidi karatasi lenye muhuri anaoujua kuliko maneno ya jamaa aliyebabaika.

Kosa la wengi, na langu pia mwanzoni, ni kudhani kwamba anayeandikiwa kadi ni daktari. Daktari ana mashine ya kupimia sukari. Ndani ya dakika moja atajua. Anayehitaji kuambiwa ni yule atakayekuwa karibu nawe kabla hujafika kwa daktari: makanga, jirani wa sokoni, muuza njugu. Kwa hiyo upande wa mbele wa kadi yangu ni Kiswahili kitupu, kwa herufi kubwa: “Nina kisukari, natumia insulini. Nikionekana kama mlevi, sukari imeshuka. Ikiwa naweza kumeza, nipeni nusu glasi ya soda ya kawaida au maji yenye sukari. Nikizimia, msinitie kitu mdomoni. Nilazeni ubavu, nipelekeni hospitali.” Neno “kawaida” niliongeza baadaye, kwa sababu soda isiyo na sukari haimfai kitu mtu aliye katika hali ile, na kijana mwenye nia njema anaweza kuamini kwamba ndiyo inayomfaa mgonjwa wa kisukari. Upande wa nyuma ndio wa Kiingereza, wenye majina ya dawa, vipimo, na aleji yangu ya penisilini.

Namba za simu zataka fikra. Mume wangu hufanya kazi mahali ambapo simu huachwa langoni, basi namba yake kuwa ya kwanza ilikuwa heshima tu isiyo na faida. Sasa ya kwanza ni ya wifi yangu aliye Likoni, na ya pili ni ya ndugu yangu aliye kisiwani, kwa kuwa sijui feri itakuwa upande gani nitakapoanguka.

Kuna vitu sikuviandika: namba ya kitambulisho, mahali ninapoishi, namba ya bima. Kundi la damu pia nililiacha, kwani hospitali haikutii damu kwa kuamini karatasi, itapima yenyewe. Nilijifunza tahadhari hii siku nilipomkabidhi askari wa lango la ofisi moja kadi hii kimakosa badala ya kitambulisho, naye akaisoma kwa sauti mbele ya foleni nzima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inayahesabu maelezo ya afya kuwa data nyeti, lakini sheria haimzibi mtu kinywa akiwa ameshasoma. Siku hizi kadi ina mfuko wake mwekundu, mbali na pochi ya pesa.

Jambo hili la faragha wenzetu wa California walilitatua kwa namna iliyonivutia. Kwa sheria ya mwaka 2003, kaunti za huko hutoa kadi ya hiari kwa wagonjwa wanaotumia bangi kwa ushauri wa daktari, na kadi yenyewe hubeba picha na namba ya pekee pasipo jina la mgonjwa. Polisi huthibitisha namba, na maradhi hayamhusu. (Atakayerudi nyumbani nayo asiitegemee, maana bangi kwetu ni kosa.) Kadi ile imetengenezwa kwa ajili ya mtu asiyehitaji kujua mengi. Yangu ni ya mtu anayehitaji kujua jambo moja upesi, ndiyo maana imekubali kutoboa siri.

Wapo watakaosita kwa aibu, hasa wenye kifafa, na siwalaumu. Ila msisite kwa kudhani kwamba kadi ndiyo itakayowafungulia mlango wa hospitali: Ibara ya 43 ya Katiba inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, awe na kadi au hana.

Mimi huiandika upya kila Shabani inapomalizika, kwa sababu daktari hunibadilishia vipimo na saa za kudunga kufuata futari na daku. Ile ya zamani huikata kwa mkasi siku hiyohiyo, maana mwaka juzi nilikutwa na mbili mkobani, kila moja na kipimo chake, na muuguzi akaniuliza ni ipi ya kweli.