Kabla Hujalaumu Vidole, Pima Nyuzi

Mpwa wangu aliniandikia wiki iliyopita: "Shikamoo mjomba. Nimepata hela ya gitaa, ninunue lipi?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nimejaza ukurasa. Nauweka hapa kwa sababu vijana wa kwaya yetu hapa Tanga nao huniuliza swali hilohilo.

Gitaa langu la kwanza nililinunua Kariakoo mwaka 2009. Lilikuwa gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, jeusi, linang'aa, aina ambayo wazee bado wanaiita galatoni. Miezi minne nilibana nyuzi mpaka ncha za vidole zikapasuka, na kodi ya C (kodi ni sauti kadhaa zinazolia pamoja) haikutoka safi hata siku moja. Uzi mmoja unalia, wa pili unakoroma, wa tatu kimya. Nikaamini sina mkono wa gitaa, nikaliegemeza nyuma ya kabati. Aliyeliokoa ni mzee mmoja aliyewahi kupiga ridhimu, gitaa la kusindikiza, kwenye bendi za dansi. Alikuja mtaani kwetu msibani, akapita kunisalimu, akaliona, akaomba alishike. Akabana uzi mmoja tu, akanitazama: "Mwanangu, hapa hata mimi nisingejifunza." Nyuzi zilikaa juu mno. Akaondoka nalo, akalirudisha baada ya siku tatu, na jioni hiyo C ikatoka.

Tangu hapo nimekutana na watu wengi walioacha gitaa wakiamini hawana kipaji, na nikishika magitaa yao nakuta ugonjwa uleule. Kwa hiyo, mpwa wangu, usianze kwa kuuliza jina la kampuni. Nenda dukani na rula ya shule.

Hesabu freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatisha shingo, kuanzia kichwani mpaka ya 12, hapo ndipo nusu ya urefu wa uzi. Pima nafasi iliyopo kati ya mgongo wa freti hiyo na uzi wa 6, ule mnene. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, milimita 2 na nusu ni nzuri, 3 inavumilika. Ikifika 4, mwanafunzi atateseka. Gitaa la nyuzi za nailoni hukaa juu kidogo zaidi, na hilo si kosa, kwa sababu nyuzi zake ni laini na huyumba zaidi zikipigwa.

Kisha shika gitaa kama fundi anayekagua ubao, ukitazama kutoka kichwani kuelekea kwenye tundu. Shingo ikiwa imejipinda kama upinde, liache. Tazama pia daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye sanduku. Ukiona limeanza kubanduka kwa nyuma, au mbao iliyo chini yake imevimba, liache hata kama limepunguzwa bei. Mwisho, gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubana, upige, utoe sauti nyembamba kama kengele. Halafu ubane hapohapo upige tena. Sauti mbili hizo zinatakiwa kuwa moja. Zikitofautiana sana, gitaa hilo halitakaa sawa hata ulityuni, yaani ukaze na kulegeza nyuzi zipate sauti zake, kutwa.

Kama tayari unalo na nyuzi ziko juu, usilitupe. Kwenye daraja kuna kipande chembamba cheupe kinachobeba nyuzi. Hicho hutolewa na kusuguliwa upande wa chini kwa msasa uliotandazwa juu ya kioo, ili kibaki kimenyooka. Kumbuka hesabu hii: kwa kuwa freti ya 12 iko katikati, ukitaka nyuzi zishuke milimita 1 pale, inabidi upunguze milimita 2 kwenye kile kipande. Punguza kidogo, rudisha, pima, rudia. Ukizidisha, nyuzi zitagonga freti na kupiga kelele, na utalazimika kutafuta kipande kingine. Kama mkono wako haujazoea kazi za namna hiyo, mpe fundi wa magitaa, au seremala makini na umsimamie.

Kuhusu nyuzi, nitasema jambo moja kwa ukali: usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa ajili ya nailoni. Nyuzi sita za chuma za kawaida huvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 70, za nailoni ni kama kilo 40. Nimeona daraja likiruka usiku watu wamelala. Kwa gitaa la chuma, anza na seti ambayo uzi wake wa kwanza, ule mwembamba, una unene wa namba 10. Wauzaji wanaielewa namba hiyo. Seti ya 12 ina sauti pana zaidi, lakini iache mpaka vidole vikomae.

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, chumvi ya hewani. Nyuzi zinazodumu miezi Arusha zinaweza kushika kutu mapema sana hapa. Ukimaliza kupiga, zifute kwa kitambaa kikavu, juu na chini, kila siku. Na gitaa lisiachwe ndani ya gari juani, gundi hulegea.

Vitu vingine havina maneno mengi. Piki, kile kipande cha kupigia nyuzi, unaweza kuikata kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda. Kapo, kibanio kinachofungwa shingoni kupandisha sauti, itakufaa ukianza kusindikiza waimbaji, kwa sasa isubiri. Tyuna, kipimo cha sauti za nyuzi, ipo bure kwenye simu. Lakini jifunze pia kutyuni kwa sikio: uzi wa 6 ni E, kisha A, D, G, B, na E tena. Bana uzi wa 6 kwenye freti ya 5, upate sauti ya uzi wa 5 ulio wazi. Endelea hivyo, isipokuwa kutoka uzi wa 3 kwenda wa 2, hapo unabana freti ya 4. Mara ya kwanza itakuchukua nusu saa. Hiyo nusu saa usiione imepotea, sikio lako limekuwa darasani.

Sasa mazoezi. Dakika 15 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi, na sababu iko kwenye ngozi na kwenye ubongo. Ngozi ya ncha za vidole hukomaa kwa kuguswa mara kwa mara na kupumzishwa. Ukiikomoa siku moja inachubuka, unakaa siku nne bila kugusa gitaa. Wengi huona maumivu yakipungua ndani ya wiki tatu au nne. Na mkono hukariri njia zake zaidi ukirudia leo, kesho na keshokutwa. Kwa hiyo toa gitaa kwenye mfuko, litundike au liegemeze mahali unapopita. Gitaa lililofungiwa husahaulika.

Kata kucha za mkono wa kushoto. Bana uzi karibu kabisa na freti, nyuma yake tu, hapo nguvu ndogo inatosha. Anza na kodi ambazo hazikuumizi: Em, Am, C, G, D. Kujua kodi ni kazi rahisi, kazi ngumu ni kuhama. Chukua mbili tu, mfano Em na G, weka saa ya simu dakika moja, hesabu umehama mara ngapi. Andika namba kwenye daftari. Mimi nilianza na mara 9. Zikifika 40, anza kuchanganya na nyingine.

Mkono wa kulia ndio unaosahaulika, nami naupenda kuliko wa kushoto. Mzee yule alinifanya niweke kiganja cha kushoto juu ya nyuzi ziwe kimya, halafu nipige mdundo tu, mguu ukihesabu, wiki nzima bila kodi hata moja. Nilinung'unika. Leo mwanafunzi yeyote anayekaa kwangu anaanzia hapo, kwa sababu msikilizaji anasamehe kodi iliyokosewa, mdundo ukiyumba anaondoka.

Baada ya hapo, sikiliza. Chukua rekodi za Mbaraka Mwinshehe wakati akiwa na Morogoro Jazz. Kila mtu hulifuata gitaa la solo. Wewe liache lipite, tafuta gitaa la ridhimu lililo nyuma yake, ulifuate peke yake mpaka mwisho. Na ukitaka kujua gitaa kavu moja linaweza kubeba nini, msikilize Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga kule Kongo, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi. Mkono wake wa kulia ulifanya kazi kwa dole gumba na kidole cha shahada. Gumba linatembeza besi, shahada inaimba. Ukijaribu mtindo huo, funza gumba kwanza mpaka litembee lenyewe huku unaongea na mtu, ndipo uongeze shahada.

Utafika kwenye kodi ya F, na wengi huachia hapo. Kidole cha shahada kinalazwa juu ya nyuzi zote sita kwenye freti ya kwanza, na hakuna kinacholia. Usiing'ang'anie. Ipeleke kodi hiyohiyo, kwa umbo lilelile, kwenye freti ya 5. Itoe huko wiki mbili, kisha shuka freti moja moja. Ikiwa kwenye freti ya 5 inalia safi, ukishuka kwenye ya kwanza inakataa kabisa, basi mifereji inayopitisha nyuzi pale kichwani haijachimbwa vya kutosha. Bana uzi kwenye freti ya 3 na utazame juu ya freti ya kwanza. Nafasi inatakiwa ipenye karatasi tu. Ikiwa kubwa kuliko hapo, pumzisha mkono, umpelekee fundi.