Saanane na watoto: usimlipe huyo kijana wa mwaloni!

Mkuu, usitume hiyo hela! Kama umeshatanguliza nusu, ihesabu imezama, usiizamishie na mwenzake.

Nimesoma bandiko lako mara mbili. Jumapili unawapeleka watoto wanne na bibi yao Saanane, kile kisiwa cha Ziwa Victoria hapa Mwanza, umepata kijana mwaloni, pale inapotia nanga mitumbwi ya wavuvi, atawachukua saa tisa alasiri kwa mtumbwi wa injini, "kila kitu ndani". Hicho "kila kitu ndani" ndicho kilichoniamsha kitandani, maana na mimi niliambiwa hivyo hivyo, tena kwa tabasamu.

Sisi tulikuwa kumi na mmoja. Mama mkwe katoka Magu, kitenge kipya, na mimi najitia mkwe wa maana. Kijana wetu akasema ofisini kwa hifadhi kuna usumbufu, yeye ana njia yake. Njia yake, mkuu, ni kuzunguka! Tulikizunguka kisiwa kama inzi anayezunguka chungu kilichofunikwa. Swala pala tukawaona kwa mbali, mwanangu akauliza ni mbuzi wa nani. Tulipousogelea ufukwe, askari wa hifadhi akatupungia mkono. Watoto kwa furaha wakampungia na wao. Kumbe tunafukuzwa. Ile ni Hifadhi ya Taifa tangu 2013, huteremki kama unaingia gulioni. Namuuliza kijana, ananijibu, "Bosi, si kisiwa mmekiona?" Nimekiona, ndiyo. Hata ukisimama Capri Point, ufukweni hapa mjini, unakiona, bure.

Hapo upepo ukaamka. Mchana nchi kavu inachemka kuliko maji, basi upepo unavutwa kutoka ziwani, na mawimbi yanakuja nao. Asubuhi ziwa huwa limelala. Yule kijana analijua hilo kuliko mimi na wewe, ila asubuhi mtumbwi wake ulikuwa kwenye dagaa (harufu tulirudi nayo nyumbani, hiyo kweli ilikuwa ndani ya bei). Jaketi okozi zilikuwa nne. Watu kumi na mmoja, jaketi nne! Tukawavalisha watoto. Mama mkwe kashika ubao, akaanza kuitaja MV Bukoba, ile meli iliyozama. Mtu aliyekuwepo Mwanza mwaka 1996 akilitaja jina hilo mkiwa majini, mtumbwi mzima unanyamaza. Mimi nilikuwa nacheka ili nisilie, na mke wangu mpaka leo anakiiga kile kicheko mbele ya wageni.

Yaani hata jina la kisiwa alitudanganya, eti la mtemi wa zamani. Saanane Chawandi ndiye aliyekuwa na makazi yake pale, kabla serikali haijapafanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Sasa mtu asiyejua hata hilo ndiye nilimkabidhi watoto wangu.

Sikiliza: unalipa ofisini kwa hifadhi, Capri Point, kwa miguu yako mwenyewe. Basi. Unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa, unapata risiti, unapanda boti yao, dakika chache umefika. Beba kitambulisho cha NIDA, Mtanzania halipi sawa na mgeni. Anayekufuata mwaloni, stendi au kwenye simu akisema ana njia ya mkato, mwambie umeghairi safari unakwenda msibani. Akisema ni rafiki wa askari wa hifadhi, mwambie huyo askari atakupokea ukiwa na risiti. Na uwe pale asubuhi, siyo saa tisa!

Mara ya pili tulienda hivyo. Kule ni njia za miguu katikati ya majabali, pimbi wanaota jua (ni ndugu wa tembo, usiwaambie watoto mapema, waache wabishane kwanza), mijusi wenye vichwa vyekundu, tumbili wanaokagua mifuko kuliko mgambo. Vaa raba. Ukingoni mwa maji watoto wasikae, mamba wapo.

Uliuliza pia kuhusu chakula na nini tena... vuli? Mvua ikinyesha mawe yanateleza. Mengine watakujibu wengine humu, mimi mkono unanitetemeka kwa hasira.

Bibi wa watoto mwonyeshe risiti kabla hajapanda. Wa kwangu tulimwonyesha, akaisoma yote, akasema nendeni, mtanikuta hapa kwenye benchi.