Tiketi ya treni ugenini: maswali yenu

Barua za mara hii nyingi zimetoka kwa watu wanaojiandaa kuzunguka nchi ya kigeni kwa treni za masafa marefu. Maswali nimeyafupisha.

Nikate tiketi mapema kiasi gani? Rafiki mmoja anasema miezi mitatu kabla, mwingine anasema nitapata hukohuko.

Huenda wote wanasema kweli, ila kila mmoja anasimulia nchi aliyokwenda yeye. Ulizia kwanza kama nauli ya huko hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia. Ufaransa, Italia, Uhispania, Ujerumani na Uingereza, nauli za treni za masafa marefu huenda kama za ndege: aliyekata wiki kadhaa kabla hulipa kidogo sana kuliko anayejitokeza dirishani asubuhi ya safari. Japani si hivyo. Nauli ya kawaida ya Shinkansen, treni za mwendo kasi za huko, haichezi sana, na viti hufunguliwa mwezi mmoja kabla, saa 4 asubuhi kwa saa za huko. Ukiwahi, umewahia kiti, hujawahia bei.

China mauzo hufunguliwa siku 15 hivi kabla ya safari. Wakala anayekupokea fedha leo kwa safari ya miezi miwili ijayo amekuandikisha tu kwenye foleni yake. Tiketi yenyewe haijaanza kuuzwa. India nayo ilipunguza muda wa kukata mapema kutoka siku 120 hadi 60 kuanzia Novemba 2024. Ila watalii wa kigeni wana mgao wao katika baadhi ya treni, unaofunguliwa hadi siku 365 kabla, na wengi huupita bila kuujua.

Treni ndogo za mkoani, zile zinazosimama kila kituo, usizihangaikie. Mara nyingi hazina viti vya kuhifadhi, na nauli ya leo ndiyo ya kesho.

Nimeona tiketi ya bei ya chini Ujerumani, lakini nitatua kwa ndege asubuhi hiyohiyo. Ndege ikichelewa?

Basi tiketi hiyo imekwenda na maji, na hapa ndipo wageni wengi wanapopoteza fedha. Nauli ya chini, ile Wajerumani wanayoiita Sparpreis, imefungwa kwenye treni moja uliyoichagua, tarehe na saa yake. Ukiikosa kwa sababu zako, ndege ikiwamo kama hukuinunua pamoja na treni, utakata nyingine kwa bei ya siku hiyo. Kosa likiwa la reli yenyewe mambo hugeuka: ikitarajiwa utafika uendako ukiwa umechelewa dakika 20 au zaidi, kifungo hicho huondoka na unaruhusiwa kupanda treni nyingine.

Sheria ya Umoja wa Ulaya pia inakupa haki ya kudai sehemu ya nauli: asilimia 25 ukichelewa kufika kwa dakika 60 hadi 119, na asilimia 50 kuanzia dakika 120. Fedha hizo haziji zenyewe, lazima uombe, kwa hiyo usitupe tiketi. Kuna masharti, na reli ina visingizio vinavyokubalika, kama hali ya hewa ya kupita kiasi, lakini kudai hakugharimu kitu.

Angalia tena kama safari yako yenye treni mbili iko kwenye tiketi moja au mbili. Aliyeunganisha tiketi mbili za makampuni tofauti ili aokoe fedha kidogo, treni ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili kwa kawaida haina deni naye. Ushauri wangu kwa siku ya kutua: lipa zaidi upate tiketi isiyofungwa, au lala palepale usafiri kesho yake. Nauli za kufungwa ziweke katikati ya ziara, ambako saa unazipanga wewe.

Kadi yangu ya benki inakataliwa kila nikifika hatua ya kulipa.

Mara nyingi benki inatuma namba ya uthibitisho kwa laini yako ya nyumbani, nawe umeshaitoa kwenye simu. Kata tiketi kabla ya kuondoka, au iache laini hiyo ikiwa hewani. Hakikisha pia benki haijafunga malipo ya nje kwenye kadi yako. Baadhi ya tovuti za reli hazipendi kadi za kigeni hata ufanyeje. Hapo wakala anayeaminika anastahili ada yake. Kwingineko ada hiyo unaitoa bure: Uingereza, makampuni ya treni yenyewe yanakuuzia bila kuongeza senti.

Pasi ya reli inafaa?

Pasi ni tiketi moja ya kupanda treni nyingi kwa siku kadhaa. Piga hesabu kwanza, usinunue kwa sifa. Pasi ya siku 7 ya Japani ilipanda Oktoba 2023 kutoka yen 29,650 hadi 50,000. Kwenda na kurudi Tokyo na Osaka kwa Shinkansen kwa kawaida hakufiki yen 30,000. Anayezunguka miji hiyo miwili tu anaichangia reli kwa hiari. Ulaya, pasi ya Eurail ni ya wanaoishi nje ya bara hilo, na ina raha yake Uswisi, Austria na Ujerumani ambako treni nyingi unapanda tu. Ukiingia treni za mwendo kasi, kama TGV ya Ufaransa au Frecciarossa ya Italia, utalipia nafasi ya kiti juu ya pasi.

Ubalozi unataka mpango wa safari. Ninunue tiketi kabla ya viza?

Zisizorudishwa, hapana. Andika ratiba yenye tarehe, miji na treni unazokusudia, na ubalozi ukisisitiza tiketi, kata inayorudishwa hata kama ni ghali.

Nitajuaje stesheni ipi?

Soma jina lote, usiishie kwenye jina la mji. Treni kutoka London hufikia Gare du Nord mjini Paris, ilhali ya kwenda Marseille kwa kawaida huondoka Gare de Lyon. Acha saa nzima ya kuvuka mji. Venice, kwa Kiitaliano Venezia, nako ni hivyohivyo: Venezia Mestre iko bara. Anayetaka kushuka penye mifereji, stesheni yake ni Venezia Santa Lucia. Na ukiwa Italia na tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa, igonge kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo ni faini.

Pasipoti yangu ina majina matatu, fomu ina nafasi mbili.

Majina mawili ya kwanza yaweke pamoja kwenye nafasi ya jina, la ukoo peke yake, kama pasipoti ilivyoyagawa. China hili halina mjadala, kwa sababu tiketi imefungwa na namba ya pasipoti na pasipoti ndiyo inayokupitisha getini. Ukipata pasipoti mpya baada ya kukata, shughulikia tiketi kabla ya siku ya safari, na ya zamani uibebe pia.