Chagua lugha ya ngazi ya juu, kisha ipime kwenye simu ya karani

Vijana wanaosoma kompyuta hapa Mbeya huniuliza: "Kaka, nianze na Python au nijifunze C kwanza?" Kwa anayetaka kutengeneza programu zitakazotumiwa na watu, jibu langu halijabadilika: anza na lugha ya programu ya ngazi ya juu kama Python, yaani inayokushughulikia mambo mengi ya ndani ya kompyuta, na usikubali mtu akwambie kwamba huko ni kukwepa kazi.

Nimeshiriki kutengeneza mfumo wa kupokea kahawa kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja ya Mbozi. Karani anapima mzigo, anaingiza kilo, mkulima anapata ujumbe kwenye kitochi chake. Mahitaji yalikuwa yanabadilika kila mara. Leo wanataka makato ya pembejeo yaonekane, kesho wanataka malipo ya awali yatenganishwe na ya mwisho. Kwa Python, badiliko la namna hiyo ni kazi ya jioni moja. Kwa C, lugha iliyo karibu zaidi na mashine, ungekuwa bado unahangaika kuomba nafasi kwenye kumbukumbu na kukumbuka kuirudisha, wakati msimu umeshafunguliwa na wakulima wako kwenye foleni.

Urahisi huo una gharama yake. Nambari ndogo kama 7, ambayo kwa kawaida C huiweka katika baiti 4, kwenye Python huchukua baiti 28. Kwenye seva, kompyuta kuu inayotunza taarifa, hilo halinisumbui; hata hesabu nzito zina maktaba (msimbo ulioandikwa tayari) kama NumPy, ambayo kazi yake kubwa inafanywa na msimbo wa C. Kwenye simu ndiko kuna shida. Makarani wengi wa vijijini wana simu za kumbukumbu ndogo, na sehemu kubwa imeshaliwa na mfumo wa simu wenyewe pamoja na WhatsApp. Ukiwapelekea tovuti ya JavaScript (lugha ya kurasa za mtandao) iliyovalishwa sura ya programu, inaganda katikati ya kupima. Ndiyo maana upande wa simu napendelea Kotlin, ambayo tangu 2019 Google inaipa kipaumbele kwa Android. Nayo ni ya ngazi ya juu, ila inaielewa Android vizuri. Tafuta simu ya bei ya chini kabisa pale sokoni Mwanjelwa na ujaribie humo, siyo kwenye simu yako.

Lakini usikimbilie kuilaumu lugha. Programu ikisuasua, mara nyingi utakuta inaiuliza seva taarifa za mkulima mmoja mmoja badala ya kuomba orodha nzima kwa mara moja. Mtandao ukiwa dhaifu, hata C itasubiri vilevile.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hesabu. Andika 0.1 + 0.2 kwenye Python au JavaScript, utapata 0.30000000000000004. Lugha inakuficha mambo mengi, ila hili haikufichi, kwa sababu kompyuta huhifadhi desimali hizo kwa mfumo wa mbili (tarakimu 0 na 1 tu) na 0.1 haiingii humo kikamilifu. Jumlisha mizigo ya msimu mzima kwa namna hiyo, halafu linganisha na daftari la karani: gramu zikipishana, imani ya mkulima imeondoka. Hifadhi uzito kwa gramu nzima na fedha kwa shilingi nzima. JavaScript inaaminika kwa nambari nzima hadi 9,007,199,254,740,991, na hakuna AMCOS itakayofika huko.

Angalia pia matoleo. Python 2 iliachwa rasmi mwanzoni mwa 2020. Humo 7/2 ilikuwa 3, kwenye Python 3 ni 3.5. Mfumo wa zamani ukihamishwa bila kukaguliwa, makato yanabadilika kimyakimya.

Na C? Jifunze ukitaka kutengeneza kifaa chenyewe, tuseme cha kupima unyevu wa kahawa kabla haijaingia ghalani. Arduino Uno R3, bodi ndogo ya kutengenezea vifaa kama hivyo, ina kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na Python ya kawaida haiwezi kukaa humo.