Jibu: Je, bandari ya Kisumu bado inapokea meli?
Ndugu, umeuliza kama bandari ya Kisumu bado inapokea meli au imebaki jina tu. Inapokea. MV Uhuru, meli ya miaka ya 1960, ilirudi kazini 2019 ikapeleka mafuta Port Bell, Uganda. Uzuri wake ni huu: reli, iliyofika hapa 1901, inaingia hadi gatini, na mabehewa yanasukumwa moja kwa moja tumboni mwa meli, hadi 22, bila kushusha mzigo.

Kinachoniuma ni magugumaji. Upepo wa Ziwa Victoria ukiyasukuma ndani ya Ghuba ya Winam, iliyo mbele ya Kisumu, simama pale ufuo wa Dunga utaona mtumbwi umenasa kama uko shambani, mvuvi akisukuma kwa pondo. Tena ghuba yenyewe ina kina kifupi, kwa hiyo tope lazima lichimbwe.