Maswali ya Wasomaji: Fedha za warsha ya hisabati zinaombwaje?

Mwezi huu barua tatu kutoka Iringa na Mbeya zimegusa jambo moja. Tunazijibu pamoja.

Mimi ni mhadhiri msaidizi wa hisabati, Iringa. Tuliomba fedha nje kwa ajili ya kongamano la siku tatu, tukataja maprofesa wanane wa Ulaya watakaozungumza. Tumekataliwa bila maelezo. Kosa liko wapi?

Ndugu msomaji, tunadhani kosa limeanzia kwa hao wanane. Shirika linalosaidia hisabati katika nchi zetu huuliza kwanza nani atakaa kwenye viti. CIMPA, kituo cha kimataifa cha hisabati kilichoanzishwa Nice, Ufaransa, mwaka 1978, hugharimia shule za utafiti, yaani kozi fupi za wiki mbili hivi, na fedha zake huelekezwa zaidi kwa vijana wa uzamili na uzamivu wa nchi mwenyeji na majirani zake. Kamisheni ya nchi zinazoendelea ya Umoja wa Kimataifa wa Hisabati, IMU, hutoa nyongeza tu, kwa hiyo ni lazima uonyeshe fedha nyingine zinatoka wapi. ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, kilichoanzishwa mwaka 1964, nacho husaidia mikutano inayofanyika nje ya Italia. Maprofesa wanane kwa siku tatu maana yake bajeti yote imeishia kwenye tiketi za ndege, na kijana wa Songea au wa Mzuzu, Malawi, hajaonekana mahali popote.

Hapa ndipo Nyanda za Juu Kusini zina nguvu ambayo waandishi wengi wa maandiko ya kuomba fedha huisahau. Mzambia anavuka Tunduma kwa basi au anapanda TAZARA kutoka Kapiri Mposhi. Mmalawi anapita Karonga na Kasumulu. Wote hawahitaji viza. Liandike hilo kwenye ukurasa wa kwanza, pamoja na nauli zake. Kwa fedha ya tiketi moja ya profesa kutoka Ulaya unaleta vijana kadhaa kutoka ng'ambo ya mpaka.

Halafu angalieni lugha ya andiko. "Washiriki watapata uelewa wa nadharia ya grafu" haimwambii msomaji kitu. Andika hivi: "Kozi ina vipindi sita vya saa moja na nusu. Mpaka siku ya nne mshiriki ataweza kuthibitisha teoremu ya Hall ya ulinganishaji katika grafu zenye sehemu mbili, na kuitumia kuwapangia wanafunzi vituo vya mafunzo kwa vitendo." Taja mshiriki anatakiwa awe amesoma nini kabla ya kuja, na mchana kutakuwa na mazoezi yanayosimamiwa na nani. Mazoezi ndiyo moyo wa shule ya hisabati. Andiko lenye mihadhara mitupu kuanzia asubuhi hadi jioni hujiangusha lenyewe. Onyesheni pia kuna wanawake wangapi kati ya wahadhiri na waandaaji, kwa sababu mtaulizwa.

Na muda: kwa shule ya CIMPA, anzeni takribani miaka miwili kabla. Inahitaji waratibu wawili, mmoja wa hapa na mmoja wa nje, na huyo wa nje lazima awe mtu mliyekwisha kuzoeana kikazi. Barua pepe ya kwanza kwake ikitumwa wiki moja kabla ya mwisho wa maombi, mmechelewa.

Bajeti ya shilingi inapangwaje? Mkuu wa idara anataka posho ya vikao iwemo. — Mwanakamati, Mbeya

Iondoe posho ya vikao. Wafadhili wa aina hii hawailipi, na hata wahadhiri wageni kwa kawaida hufundisha bila malipo. Wanagharimiwa safari, malazi na chakula. Kama chuo kinataka kuilipa, iwe kwenye safu ya mchango wa chuo.

Anza na vichwa na usiku. Chukua washiriki 40, siku 10 za masomo ndani ya wiki mbili, 25 kati yao wakitoka mbali. Hosteli: watu 25 × usiku 13 × 40,000 = 13,000,000. Chai na chakula cha mchana: 40 × 10 × 15,000 = 6,000,000. Chakula cha jioni: 25 × 13 × 8,000 = 2,600,000. Nauli: wageni 10 wa nchi jirani kwa 200,000 na 15 wa mikoani kwa 120,000, jumla 3,800,000. Hapo umefika 25,400,000 kabla ya wahadhiri. Bei hizi ni za mfano. Zako zitoke kwenye profoma, yaani ankara za makadirio za wauzaji, nazo uziambatishe. Ukumbi, projekta na ubao vihesabiwe kama mchango wa chuo, kwa thamani ya fedha. Ubao uwe mpana, na chaki ya kutosha, maana wanahisabati bado wanaandika.

Tarehe nayo ni bajeti. Agosti na Septemba hosteli huwa wazi na mvua hakuna, lakini wiki ya Nanenane viwanja vya John Mwakangale hujaa na nyumba za wageni Mbeya zinapanda bei. Ipisheni.

Fedha zimeidhinishwa lakini tunaogopa zitakwama chuoni. Tufanye nini? — Mratibu, Mbeya

Kaeni na mhasibu kabla ya kusaini mkataba. Chuo cha umma hupokea fedha kwa kumbukumbu namba ya malipo. Mtumaji asipoiandika kwenye maelezo ya muamala, fedha hukaa benki bila mwenyewe. Mwombeni pia mtumaji akubali kubeba makato yote, la sivyo benki za njiani zitamega.

Ununuzi unapitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa kielektroniki, na mama lishe mnayemwamini asipokuwa amesajiliwa humo hamtaweza kumlipa. Mwambieni ajisajili miezi mitatu kabla, na awe na mashine ya EFD ya kutolea risiti. Washiriki wakifika, siku ya kwanza kusanyeni tiketi za kuja, wasaini walichopokea; tiketi za kurudi wapige picha na kuzituma. Kipande cha tiketi ya basi la Tunduma kikipotea, nauli hiyo inaweza kukataliwa kwenye ripoti, na atakayeidai kwenu ni chuo.